Kwa Nini Mkubwa Hukaa Chini Chomboni

Kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikianza sipendi kukatizwa. Jana mmeniuliza kwa nini pale kivukoni Shakamo mtu mkubwa akipanda chombo hupelekwa chini kabisa, akakalishwa juu ya mawe, miguu ya wapiga makasia ikiwa usawa wa uso wake, naye hakasiriki. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa. Leo nimekula, nitasema.

Zamani hizo, ukitaka kujua ukubwa wa mtu katika mji wa Shakamo, ulikuwa huulizi. Ulitazama juu. Mkubwa alikaa juu, mdogo alikaa chini, na wa katikati alimwomba Mungu asije akasogezwa. Jumbe alikalia kiti cha jiwe juu ya baraza lenye ngazi, wazee wa koo wakakaa kwenye ngazi zilizo chini yake, na babu zetu sisi, tusidanganyane, walikaa mchangani. Bibi wa nyumba alilala ghorofani hata kama magoti yake yalishagoma, alibebwa. Chungu cha mke mkubwa kiliwekwa rafu ya juu. Hata maiti wa heshima hakubebwa mabegani, alinyanyuliwa kwa mikono iliyonyooshwa mpaka wabebaji wakatetemeka njia nzima ya makaburini.

Majini mambo yalikuwa yale yale. Mkubwa akitaka kuvuka hori, ule mkono wa bahari, kwenda Kirembwe, aliwekewa kigoda juu ya kingo za mtumbwi, akakaa huko juu kama kuku aliyeparamia uani, na wapiga makasia wakachutama chini. Basi alianguka. Kila mara alianguka. Akishatolewa na kukamuliwa nguo, watu walisema maji yalitaka kumpa mkono. Watu wa Shakamo walilowa miaka na miaka bila kuuliza, na aliyeuliza aliambiwa hana adabu.

Sasa, palikuwa na fundi mmoja akiitwa Ngwali. Alikuwa fundi wa nyumba za mawe, na nyumba ya Jumbe yenye ghorofa ilikuwa kazi ya mikono yake. Hakuna ukuta wake uliowahi kupasuka, na jambo hilo alikuwa akilisema mwenyewe kabla wengine hawajapata nafasi ya kulisema. Alikuwa na mke, Bi Mwanache, na mtoto mmoja tu wa kike, jina lake Mize. Mize alikuwa msichana wa kucheka. Akicheka kwao, mtaa wa pili nao walicheka bila kujua sababu. Kwa Ngwali, dunia yote ilikuwa pale, na kama mngemwuliza angewaambia hivyo hivyo.

Siku moja Jumbe Mbaruku akamwita. Binti wa Jumbe, Mwanasiti, alikuwa ameposwa na mtu wa Kirembwe, na arusi ingekuwa huko ng'ambo ya hori.

"Ngwali," Jumbe akamwambia kutoka juu ya kiti chake, "mwanangu havuki kwa mtumbwi. Niundie chombo. Nataka watu wa Kirembwe wamwone kabla hajafika."

Ngwali hakuwa ameunda chombo maishani mwake. Angeweza kusema. Ulimi alikuwa nao, na Jumbe hakuwa mtu wa kuua watu kwa maneno. Lakini majivuno yalimtangulia, akajibu, "Hicho, hesabu kimekwisha, Mwenye mji."

Akarudi nyumbani akifikiri, na alivyofikiri ndivyo angefikiri fundi yeyote wa nyumba. Aliona chombo ni nyumba tu, ila haina msingi. Basi akakipima kama nyumba. Mnajua chumba cha nyumba ya mawe hakiwi kipana kuliko urefu wa boriti moja, kwa sababu mti wa mkoko haurefuki zaidi ya hapo, na ukilazimisha upana, dari litakuangukia. Ngwali alikuwa ameshika sheria hiyo tangu ujana. Kwa hiyo chombo chake akakipa upana wa boriti moja, hata kidole hakikuzidi, na urefu akaunyoosha kama ukumbi. Chini akakiviringisha vizuri, kisikwaruze mchanga. Kisha akapandisha kuta, akaweka dari, na juu ya dari akajenga ghorofa yenye madirisha ya nakshi.

Jumbe akaja kutazama. Akazunguka, akainua kichwa. "Juu ya hapo pana nini?"

"Juu ya hapo ni mbingu, Mwenye mji."

"Weka ghorofa nyingine kabla ya mbingu."

Ngwali akaweka. Na alipomaliza, zikaja zawadi za koo. Ilikuwa desturi Shakamo kwamba nyumba kubwa ikijengwa, kila ukoo hutoa jiwe la matumbawe lililochongwa alama yake, nalo hupachikwa mahali wapita njia watakapoliona. Sasa ni nani angekubali jiwe la ukoo wake liwekwe chini, gizani, mahali pa kukusanyikia maji machafu? Hakuna. Waligombana karibu washikane mashati, kila mmoja akitaka jiwe lake liwe juu ya la mwenzake, na mwishowe mawe yote yakapangwa ukingoni mwa ghorofa ya juu kabisa, na katikati yake kiti cha jiwe cha Jumbe. Tumbo la chombo, ambalo mabaharia huliita ngama, lilibaki tupu. Ngwali alilifagia mwenyewe, akaona limependeza.

Kiliposhushwa majini, kilielea. Watu wakapiga vigelegele. Lakini Bi Mwanache alikuwa amesimama kando ya mumewe, naye aliona kitu. Mtu mmoja aliyekuwa juu alivuka kutoka upande huu kwenda upande ule kuchukua kamba, na chombo kizima kikainama kumfuata.

"Baba Mize," akasema, "mbona kinatikisika hivyo?"

"Kinazoea maji."

"Na kikikataa kuzoea?"

"Mama Mize, mimi nimejenga nyumba ngapi katika mji huu?"

 Ngwali naye alikuwa amekiona kikiinama, ila hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba hata nyumba mpya hulialia mbao. Isitoshe, habari njema ilikuwa imefika asubuhi ile ile: Mwanasiti amemchagua Mize awe mpambe wake, akae naye ghorofa ya juu, ashike mrashi, ile chupa ya shingo ndefu, na kumnyunyizia marashi njia nzima. Mtoto wa fundi kukaa juu kuliko wazee wa koo! Ngwali alitembea mji mzima siku ile akiwasalimu hata watu aliokosana nao.

Ikafika siku ya arusi. Nisikilizeni sana hapa. Hori lilikuwa limetulia. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa ncha ya kanga. Ungeweza kujitazama majini ukasuka nywele. Watu wa arusi wakapanda wakiimba, na kila aliyepanda alikwenda juu, kwa sababu nani atakaa chini siku ya arusi ya binti wa Jumbe? Jumbe mwenyewe na baadhi ya wazee walibaki ufukweni, wavuke baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya baba wa bibi arusi. Ngwali naye alisimama pale, mikono kiunoni, akiwasikia watu wakisema, "Kazi ya Ngwali hiyo." Mize alimwona kutoka dirishani, akamnyunyizia marashi kwa mbali, akacheka kile kicheko chake.

Chombo kikasogea. Kilikuwa hakijafika hata pale mtu anapoweza kutupa jiwe. Akina mama waliobaki ufukweni wakapiga kigelegele cha mwisho cha kumuaga bibi arusi, na wote waliokuwa juu, kwa furaha, wakakimbilia upande mmoja ili wapunge mkono.

Kikainama.

Watu wakacheka kwanza. Walidhani ni mchezo. Kikainama zaidi, na mawe ya koo yakaanza kung'oka ukingoni, moja, jingine, yakiporomoka upande ule ule.  Ngwali alikuwa akingoja kirudi. Nyumba hairudi, nyumba husimama tu, lakini yeye alisimama pale akikingoja kirudi, na hakikurudi. Kililala ubavu taratibu, kama mzee anayejilaza kitandani, kisha kikapinduka chote, na tumbo lake likatokea juu, jeupe, safi, halina kitu.

Ngoma ikanyamaza. Salaale! Hapakuwa na wimbi, hapakuwa na upepo, jua lilikuwa likiwaka, na watu wote wa arusi walikuwa hawapo.  Mama mmoja alikuwa bado ameinua mkono wa kupunga, hajaushusha. Ndipo kichwa cha kwanza kikatokea majini kikipiga kelele, na ukimya ukavunjika, kila mtu akakimbilia mitumbwi.

Walitolewa karibu wote. Hori pale halina kina kikubwa, na vijana wa Shakamo kwa kuanguka majini walikuwa wazoefu. Mwanasiti alitolewa akiwa hai, amekumbatia ubao, macho yamemtoka. Ngwali alikuwa majini mpaka shingoni akimshika kila msichana anayepita, akimgeuza uso, akimwachia, akimshika mwingine. "Mize? Wewe ni Mize?" Wasichana wenyewe walikuwa wakilia, hawakumjibu. Kando yake vyombo vya arusi vilielea ovyo. Sinia zimefunikwa, vigoda vimepindua miguu juu, mikoba imelala ubavu. Na katikati ya mchafuko ule ulielea mrashi wa Mize, umesimama wima, shingo yake ndefu juu, unayumba kidogo na kurudi, unayumba na kurudi. Ngwali aliuchukua bila kujua kwa nini.

Mize alipatikana maji yalipokupwa, ndani ya ghorofa, chini ya kiti cha jiwe cha Jumbe.

Matanga yakawekwa nyumbani kwa Ngwali. Watu walikaa mikekani, hakuna aliyejua aseme nini. Wangesema dhoruba, hapakuwa na dhoruba. Wangesema mwamba, hapakuwa na mwamba. Bi Mwanache hakulia. Alikaa karibu na beseni la maji ya kunawia wageni, anatazama ukuta, na akiguswa anashtuka kama amechomwa na mwiba.

Siku ya pili Jumbe akaja kutoa pole. Alikalishwa kitandani, juu, wafiwa wakiwa chini.

"Pole, Ngwali. Pole, Mama Mize. Mola amlaze pema," akasema. Kisha akakohoa. "Nimekaa na wazee tukazungumza. Tumeona maji yalitaka kitu, nayo yamepata. Yametudharau kwa sababu chombo kilikuwa kifupi. Arusi iko pale pale, itakuwa mwezi ukiandama. Unda kingine, na safari hii weka ghorofa tatu."

Ngwali alimtazama. Alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama tena, na uso wa Jumbe ulikuwa uso wa mtu mwema, mwenye huruma kabisa, anayeamini kila neno alilosema. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alimwona Mwanasiti yule, aliyetolewa majini hai, anapandishwa tena juu, juu zaidi, na wapambe wengine, watoto wa watu wengine. Akainamisha kichwa, na Jumbe akadhani amekubali.

Jumbe alipoondoka, Bi Mwanache alinyanyuka kwa mara ya kwanza. Akachukua mrashi ule, akatoa kizibo chake, akamwaga marashi yote yaliyokuwemo juu ya nguo za mtoto zilizokunjwa pembeni. Yalitoka mengi, mrashi ulikuwa nusu umejaa. Kisha akautupa mtupu ndani ya beseni, kama mtu asiyetaka kukiona kitu tena. Ukalala ubavu majini.

Ngwali akakurupuka. "Ulikuwa umesimama!"

"Nini?"

"Mrashi huu, baharini, ulikuwa umesimama. Vyote vimelala, huu umesimama."

Akaushika, akautia maji nusu, akauweka tena. Ukasimama. Akausukuma kwa kidole, ukainama, ukarudi. Akaulaza kabisa kwa nguvu, akauachia, ukarudi ukasimama. Akaumwaga, ukalala. Akautia tena maji, ukasimama. Maji yakamwagika mikekani, wageni wakasogeza miguu.

"Masikini fundi," mtu mmoja akanong'ona, "akili zimemruka." Mzee mwingine akasema kwa hasira ni aibu, kaburi la mtoto halijakauka na baba anachezea maji.

Ngwali hakuwasikia. Mrashi ulikuwa ule ule, shingo ile ile, beseni lile lile. Kilichobadilika kilikuwa kile kilicho tumboni.  Alikumbuka ngama aliyoifagia kwa mkono wake. Alikumbuka mawe kule juu, kiti kule juu, watu wote kule juu.

Bi Mwanache alikuwa amechuchumaa mbele yake akiutazama mrashi ukirudi. Hakuwa mjinga.

"Kwa hiyo tulimweka juu," akasema polepole. "Baba Mize, mwanangu nimemvisha mwenyewe, nikamsuka mwenyewe, nikampandisha juu."

"Mimi ndiye niliyempandisha."

"Wewe," akasema, "ndiwe uliyeniambia kinazoea maji." Na tangu pale hakusema naye tena, si kwa ubaya, ila maneno yalikuwa hayatoki.

Ngwali akaenda kuunda chombo cha pili. Safari hii hakukipima kama nyumba. Alikaa ufukweni na vifuu vya nazi, na mabuyu, na vipande vya mti, anavitia mawe, anavitoa, anavisukuma, na watoto wakipita mama zao wanawavuta mkono. Akaona kifuu kipana ni kigumu kukipindua kuliko chembamba. Basi akaivunja sheria ya boriti iliyomlea: akaunganisha boriti mbili, kichwa kwa kichwa, akaweka nguzo katikati za kubeba maungio, na chombo kikawa kipana mara mbili ya kile cha kwanza. Chini akakitia mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa chombo, akaushusha uyakate maji. Ghorofa hakujenga hata moja. Kisha akafanya jambo ambalo hakuliombea ruhusa. Alizama kwenye chombo kilichopinduka, akayatoa mawe ya koo, moja moja, na kiti cha Jumbe, akavipanga vyote chini kabisa ngamani.

Lo! Mji ulisikia. Wazee walikuja wamevaa kofia zao. "Jiwe la ukoo wetu! Chini! Watu walikanyage!" Mmoja alishika shingo ya kanzu ya Ngwali, akashindwa la kufanya, akaiachia. Na nyuma yao akaja Jumbe Mbaruku, akasimama ukingoni, akachungulia, akakiona kiti chake kule chini, chini ya mabenchi ya wapiga makasia.

Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ngwali, kile ni nini?"

"Ni kiti chako, Mwenye mji."

"Nimekukosea nini?"

Swali lile lilimchoma Ngwali kuliko tusi. Akapiga magoti mchangani. "Hukunikosea. Mimi ndiye niliyekosa. Nilikuambia ninajua, na nilikuwa sijui. Kizito kikiwa juu, chombo kinapinduka, hata maji yakitulia kama ya mtungini. Kikiwa chini, kinarudi. Hakuna maji yaliyotaka mtu. Mize ameuawa na mimi, kwa kazi yangu. Mimi wangu nimeshamzika, Jumbe. Wako yuko hai. Nifukuze mjini kesho, lakini usimpandishe juu mwanao."

Watu walishika vichwa. Kumweka Jumbe chini ya nyayo za watu, adhabu yake ilikuwa kufukuzwa, na hakuna aliyekumbuka mtu aliyewahi kuthubutu. Vijana wa koo wakapandwa na hasira. "Anasema kinarudi? Tutakilaza sasa hivi!" Wakakisukuma majini, wakapanda kwa kundi, Ngwali kati yao. Na kabla hakijatoka, Bi Mwanache akapita katikati ya watu, akaingia majini na nguo zake za msiba, akapanda, akashuka mpaka ngamani, akakaa juu ya mawe, akashika magoti yake. Ngwali akamwinamia.

"Mama Mize, toka humu."

Hakutoka.

Vijana wakakimbilia upande mmoja, wote, kwa kishindo, kama walivyofanya watu wa arusi. Chombo kikainama. Ufukweni mtu akalia, "Yarabi toba, tena!" Kikainama zaidi, maji yakafika karibu na ukingo. Wanawake wakajifunika nyuso. Ngwali alifumba macho, na gizani mle akamwona Mize dirishani. Kisha akahisi ubao chini ya miguu yake unainuka. Polepole, kwa uzito, bila haraka yoyote, chombo kikarudi, kikasimama.

Wale vijana wakatazamana. Wakakimbilia upande wa pili. Kikainama, kikarudi. Wakaruka, wakasukuma, wakaning'inia ukingoni mpaka wakachoka, na kila mara kilirudi. Hasira yao ikaisha, ukabaki mshangao tu. Mmoja wao akaketi, akaanza kulia, kwa sababu dada yake alikuwa mmoja wa walioponea chupuchupu, na sasa alielewa.

 Ufukweni Jumbe alikuwa bado amesimama pale pale. Ndipo Mwanasiti, ambaye tangu siku ile hakuwa ametoka nje, akaja akajifunua uso mbele ya baba yake.

"Baba, kilipopinduka, mimi na Mize tulikuwa dirisha moja. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alinisukuma mimi." Akakigeukia chombo. "Juu mimi siendi tena. Hata unichukie."

Akaingia majini, akapanda, akashuka, akakaa mawe yale karibu na Bi Mwanache. Yule mama akamfunika kwa upande wa kanga yake.

Jumbe Mbaruku akamfuata mwanawe. Watu waligeuza nyuso wasimwone akishuka ngazi za ndani, mkubwa wao, akiinama kupita chini ya mabenchi. Akakaa kwenye kiti chake. Wapiga makasia walikuwa wameganda juu yake, hawajui wainue miguu au waiache, maana nyayo zao zilikuwa usawa wa macho yake. Jumbe alizitazama. Alikuwa ametawala watu wale maisha yake yote na hakuwa amewahi kuziona nyayo zao.

"Miguu yenu," akasema, "imepasuka hivi tangu lini?"

 Hawakuwa wamewahi kuulizwa. Jumbe akaufikicha uso wake, na alipoinua kichwa alimwona Ngwali anachungulia kutoka juu, na kwa mara ya kwanza katika mji wa Shakamo fundi alimtazama Jumbe akiwa juu yake, na mbingu haikuanguka.

"Fundi, mahali hapa pa chini panaitwaje?"

Ngwali alitaka kusema ngamani, asiweze, kwa sababu hapo ndipo alipotamani angemkalisha mwanawe. Akasimama vile vile, machozi yanamtoka mbele ya watu. Aliyejibu alikuwa Bi Mwanache, ambaye tangu matanga hakuwa amesema neno na mumewe.

"Hapo ni kwa Mize," akasema. "Mwambie, Baba Mize. Ni kwa Mize."

Na tangu siku hiyo vyombo vya Shakamo ni vipana, vina mkuku chini na mawe tumboni, na kila ukoo hupigania jiwe lake liwe la chini kuliko yote. Tangu siku hiyo chombo kipya hakichukui mtu mpaka kilazwe ubavu mbele ya mji mzima, na fundi aliyekiunda awe ndani yake na watu wa nyumba yake. Na mkubwa, awe Jumbe, awe mgeni, awe bibi arusi, hukaa chini. Mtamsikia nahodha akimwambia, "Karibu, shuka kwa Mize," naye hushuka. Waulizeni mabaharia Mize ni nani, watawaambia ni neno la chomboni tu, kama mkuku, kama kasia. Wanalisema kila siku, na hawajui kwamba alikuwa msichana, na kwamba alikuwa anacheka.